Mifereji ya Alhamisi

Ekuam alikiri haraka mno, na Inspekta Gakii hakuwapenda watu wanaokiri haraka. Katika miaka kumi na mmoja ya upelelezi alikuwa amewahoji wezi wa mifugo, wauaji na waongo wa kila namna, na alijua kwamba ukweli hutoka kwa mtu kama jino bovu, kwa kuvutwa na kwa damu. Huyu alijileta mwenyewe. Ijumaa mchana alitembea kwa miguu hadi kituoni, akasema amemgonga mtu kwa gari akatoroka, kisha akaomba maji ya kunywa.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na joto la kutosha watu kumi. Gakii alivuta fomu.

"Jina."

"Ekuam Emuria."

"Kazi."

"Dereva wa Mzee Mahamud. Miaka kumi na nne sasa."

"Uhusiano na marehemu?"

"Hakuna, madam. Simjui."

Gakii akaandika kwenye mstari wa tatu: Hakuna.

"Haya, eleza tena. Usikimbie."

"Alhamisi, saa kumi hivi, nilikuwa natoka hapa Isiolo naenda Gotu. Lami ikaisha pale njia panda ya Ngare Mara, nikaingia changarawe. Huyo mama akatokea kwa barabara. Nikakanyaga breki yote. Gurudumu zote nne zikafunga, gari ikateleza na mawe mpaka ikamfikia. Nikaogopa, nikatoroka."

"Zilifunga kabisa?"

"Kabisa. Zilisimama kama zimeshikwa na mtu. Ni gari tu ilikataa kusimama."

"Hapo ni kilomita ngapi kutoka njia panda?"

"Kama tatu, madam. Ama nne."

Maiti ilikuwa imekutwa kilomita kumi na tisa kutoka njia panda, karibu kabisa na Gotu. Gakii hakumsahihisha. Mtu akijipoteza njia mwenyewe mwache aende, kuna mahali atatokea.

"Mzee Mahamud unamjua tangu lini?"

Ekuam akainua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mikono mikubwa ya usukani. "Tangu niko miaka saba. Wakati wa ile vita ya mifugo, baba aliuawa, sisi na mama tukakimbia usiku mzima. Asubuhi tukakaa kwa barabara. Lori zilipita nyingi, hakuna ilisimama. Ya Mzee ikasimama."

"Kwa hiyo kuna deni kati yenu?"

"Si mimi namdai. Yeye ndiye ananidai."

Gakii akatoa picha kwenye faili, akaitelezesha mezani. Aliifanya kwa makusudi. Mtu anayeficha kitu hupasuka akitazama. "Huyu hapa mtu wako. Wafugaji wa ngamia walimpata Ijumaa alfajiri, lakini fisi walifika kabla yao. Uso haupo. Hana kitambulisho. Mtazame."

Ekuam aligeukia ukutani, macho ameyafumba kama mtoto anayekataa dawa. "Hapana, madam. Tafadhali toa hiyo kitu."

Kama angefumbua macho asubuhi ile, mambo yangekuwa mengine. Hakufumbua, na Gakii akairudisha picha kwenye faili akiwa amechoka naye.

"Naomba kitu kimoja tu," Ekuam akasema alipomwona Gakii anasimama. "Mama yangu anaitwa Apua. Anaishi peke yake na mbuzi zake, hapo tu mbele ya Gotu. Kila Alhamisi nikipita huko ananingojea kwa barabara. Mtu amwambie asisimame tena. Hana simu."

"Hapa si posta," Gakii akasema, akatoka.

*

Bosi wa Gakii alitaka kesi ifike mahakamani Jumatatu saa tatu asubuhi, na aliitaka kama mauaji ya kukusudia. Sababu yake ilikuwa ni mchoro wa Koplo Ibrae wa trafiki. Kwenye mchoro huo kulikuwa na barabara, maiti, na maneno matatu: Hakuna breki iliyopigwa. Dereva anasema alifunga magurudumu. Barabara inasema hakufunga. Mwongo aliyeua na asiyepiga breki amekusudia, akasema bosi, na kwa kukusudia mtu hufia jela.

Kwa hiyo saa sita mchana Gakii alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe ya moto huku Ibrae akimshikilia mwavuli bila moyo.

"Nilikuambia, madam. Hakuna mfereji. Mtu akifunga breki kwa mawe, gurudumu inachimba. Ungeona mfereji kama wa jembe."

"Na hii ni nini?"

Mifereji ilikuwepo. Ilianzia kwenye kisiki kimoja kikavu cha mgunga kando ya njia, ikaenda sambamba, miwili miwili, ikaishia kwenye vilima vidogo vya kokoto, hatua mbili kabla ya jiwe jeupe lililokaa ukingoni. Haikuwa ya siku moja. Mingine ilikuwa imeanza kujazwa vumbi, mingine imefifia, lakini yote ilianzia pale pale na kuishia pale pale.

"Hiyo ni ya zamani," Ibrae akasema. "Wiki iliyopita, wiki ya juzi, sijui. Kuna dereva mwendawazimu anafanya mazoezi hapa. Hiyo si ya Alhamisi."

"Kila mara anasimama mahali pamoja?"

"Wendawazimu pia wana ratiba yao."

Gakii hakucheka. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia ardhi, akatazama barabara kwa ubavu jinsi babu yake huko Meru alivyotazama nyayo za nguruwe shambani. Hapo ndipo alipoziona. Kutoka kwenye kisiki kile kile kulikuwa na alama nyingine, hafifu, zilizokatikakatika kama uzi wa cherehani: kokoto zimekwaruzwa kidogo, nafasi, zimekwaruzwa, nafasi. Zilifika kwenye jiwe jeupe. Hazikuishia hapo. Zilipita jiwe hatua saba nzima, na kwenye hatua ya kwanza baada ya jiwe ndipo damu ilipokauka.

Alama zile zilinyooka kama rula. Dereva hakujaribu hata kukwepa.

"Piga picha zote," akamwambia Ibrae. "Halafu pima. Mwavuli weka chini, hutakufa kwa jua."

Kwenye majani, Gakii akaokota vipande vya kibuyu kilichopasuka, ndani mna utando mweupe wa maziwa yaliyoganda. Kibuyu kilikuwa na kamba yake ya kuning'iniza begani, pana, nyeusi, iliyofumwa kwa mashine, imeshonwa ncha zake kwa uangalifu. Akaviweka vyote kwenye mfuko wa ushahidi. Hatua moja nyuma ya jiwe palikuwa na nyayo mbili zilizotulia, vidole vikielekea gari lilikotokea. Mwanamke huyu hakuwa anavuka barabara, akawaza. Mtu anayevuka hagongwi akiwa ametazama gari uso kwa uso, kibuyu mkononi.

*

Gumato alikuwa fundi wa umeme wa magari, Mborana wa miaka hamsini, mwenye hijabu yenye madoa ya girisi na mdomo usioogopa polisi. Alifika kwenye uwanja wa kituo akilalamika kwamba ameacha gari la mtu limefunguliwa tumbo. Gakii akamwonyesha pikapu ya Mahamud waliyoikamata, kisha akampa simu atazame picha za alama.

Gumato alitazama kidogo tu. "Hii gari ilipigwa breki. Tena kwa nguvu yote."

"Trafiki wanasema haikupigwa."

"Trafiki wanajua kuhesabu abiria. Hii ni ABS, madam. Kuja nikuonyeshe." Akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaelekeza bisibisi ndani. "Kila gurudumu iko na duara ya chuma yenye meno. Hapa karibu kuna sensa inahesabu hayo meno yakipita. Ukikanyaga breki kama mtu ameona simba, gurudumu moja inataka kufunga. Meno yanapungua ghafla. Sensa inaambia kompyuta, kompyuta inafungua vali, presha ya breki inatoka kidogo, gurudumu inazunguka tena. Halafu pampu inarudisha presha. Shika, achilia, shika, achilia, mara kumi na kitu kwa sekunde moja. Mguu wako unasikia pedali inakupiga teke. Ndiyo unaona hizi alama zimekatika."

"Na faida yake ni nini?"

"Usukani. Gurudumu ikifunga, hata uzungushe mpaka kesho, gari inaenda tu moja kwa moja. Ikiwa bado inazunguka, unaweza kukwepa. Kama huyu angekuwa na akili angekwepa. Alikanyaga tu akashika usukani kama amekufa."

"Basi ni kitu kizuri."

"Kwa lami." Gumato akasimama, magoti yakalia. "Kwa changarawe ni maneno mengine. Kwa mawe unataka gurudumu ifunge. Inachimba, inasukuma kokoto mbele yake, inajenga ukuta mdogo, na huo ukuta ndio unasimamisha gari. ABS haikubali ukuta ujengwe, kila saa inaachilia. Gari inaenda mbele hatua sita, saba, kumi. Kwa hivyo madereva wetu wa huku wakifika mwisho wa lami wanatoa fyuzi ya ABS. Wakirudi kwa lami wanairudisha. Hakuna kitabu kinasema ufanye hivyo, lakini wote wanafanya."

"Ekuam pia?"

"Ekuam!" Gumato akafungua mlango, akavua kifuniko cha fyuzi chini ya dashibodi. Katikati ya fyuzi zilizopangana, moja ilikuwa imefungwa uzi mwekundu. "Hiyo ndiyo yake. Nilimfungia uzi mimi mwenyewe ndiyo aivute haraka bila kutafuta. Miaka yote hajawahi kuingia changarawe na hii kitu ndani."

Gakii akakitazama kile kiuzi chekundu muda mrefu. Fyuzi ilikuwa mahali pake.

"Si angeirudisha baadaye?" Ibrae, aliyekuwa amesogea, akauliza. "Baada ya kugonga?"

"Angeirudisha," Gakii akasema, "lakini asingerudi kufuta barabara. Ekuam ameniambia magurudumu yote manne yalifunga. Ndivyo breki ya gari hili inavyofanya kazi akiwa ndani yeye, hajui nyingine. Akatunga uongo wake kwa mambo anayoyajua. Lakini barabara inasema hakuna gurudumu hata moja lililofunga. Fyuzi ilikuwa ndani. Aliyeendesha hakujua kuna kitu cha kutoa."

Ibrae akafunga mwavuli wake polepole. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuona ikipimwa kwa hatua.

Gakii akakumbuka mfuko wa ushahidi. "Na hii kamba, fundi? Nimeshindwa kujua ni ya nini."

Gumato akaupokea mfuko kwa vidole viwili. Akaugeuza. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye ngazi ya pikapu bila kutazama anakoketi.

"Huu ni mkanda wa gari. Wa kufunga abiria. Ulitoka kwa gari ya mizigo iliyokufa hapo kwangu, nilimkatia Ekuam kipande. Akaushona akiwa kwa benchi yangu, siku nzima, na vidole hivyo vyake." Akafunika mdomo kwa hijabu. "Wallahi, madam, alikuwa anashonea mamake. Mkanda wa kibuyu. Ati mzigo usimkate bega."

Mwanamke aliye mochari bila uso, bila jina, ndiye aliyeagiziwa salamu asubuhi ile, na Gakii ndiye aliyekataa kuzipeleka. Aliona aibu, na aibu ikamkasirisha.

*

Jumapili baada ya swala ya alasiri Gakii alikwenda na Ibrae nyumbani kwa Mahamud. Ilikuwa nyumba ya mtu aliyefanikiwa, ukoo wa wasafirishaji tangu babu zao walipovua sare za jeshi la Mwingereza. Kwenye ukumbi palikuwa na sanduku kubwa limefungwa kwa kamba, tayari kwa safari.

"Salaam aleikum," Mzee Mahamud akasema, ndevu zimepakwa hina, sauti tulivu. "Karibu, binti yangu. Huyu ni mtoto wangu Hamse. Jumanne anaenda Uturuki, kusoma."

"Habari za nyumbani, Mzee. Sikai sana. Nimekuja kuuliza habari za gari tu." Gakii akaketi. "Hamse, wewe unaendesha hiyo pikapu?"

"Zamani. Sijaishika mwezi mzima," kijana akasema. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mzuri wa sura, kucha zimetafunwa mpaka nyama.

"Nauliza kwa sababu Ekuam anasema breki ilikataa. Sasa hilo ni jambo kubwa. Kama dereva alipewa gari bovu, kosa linahama. Linakuja kwa mwenye gari. Hata safari hii itabidi ingoje."

"Breki haikukataa!" Hamse akasema. "Hiyo gari iko na breki kali. Ukikanyaga kwa mawe inatetemeka tu, inakupiga teke kwa mguu, lakini inashika."

"Inakupiga teke. Kwa mawe."

"Ndiyo."

"Ekuam hutoa fyuzi kwa mawe, Hamse. Miaka yote. Gari hilo halijawahi kumpiga mtu teke kwenye changarawe, isipokuwa mtu mmoja, siku moja."

Mahamud akaweka kikombe chini. "Hamse, ingia ndani."

"Asiingie. Simu yako, weka mezani."

Kijana aliiweka, kisha akaanza kulia kwa sauti ya kuudhi, sauti ya mtu anayejihurumia. "Nilipiga honi! Nilipiga honi mpaka nikakanyaga breki, na yeye amesimama tu! Alikuwa anacheka! Mtu gani anaona gari inakuja na anacheka?"

Gakii alikuwa ameshafungua orodha ya simu. Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni: Aabo. Dakika sita.

"Alikuwa anapumua ulipompigia baba yako?"

Hamse akamtazama babake. "Alikuwa anaongea. Alikuwa anaita Ekuam. Aabo alisema nitafute kitambulisho, nimsomee jina. Halafu akasema rudi nyumbani."

"Kitambulisho kiko wapi?"

"Kilichomeka," Mahamud akajibu mwenyewe, taratibu, kama anayejibu habari ya bei ya sukari.

"Mzee, ulijua ni mama yake Ekuam. Ukamwita Ekuam ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ni mwendawazimu wa pale njia panda, hana mtu. Kuna haja gani ya kumvunja mtu moyo na jambo limeshapita?" Mahamud akajifuta mdomo. "Nisikilize, binti yangu. Yule mama alikuwa afe kwa barabara miaka ishirini na sita iliyopita, na mtoto wake pia. Mimi ndiye nilisimamisha lori. Hiyo miaka yote aliishi, ni mimi nilimpa. Na Ekuam si punda, anajua fadhila. Siku hiyo alikuwa amelala na malaria, peke yake, hakuna mtu alimwona. Kesho atasimama mbele ya hakimu na kusema, 'Ni mimi niliua.' Wewe utasema nini? Ati kuna uzi mwekundu?"

Gakii akahesabu alichokuwa nacho. Simu ya dakika sita si kosa. Machozi ya Hamse yangekauka akipata wakili. Ilimlazimu Ekuam mwenyewe akane maneno yake kabla ya saa tatu asubuhi, na kulikuwa na njia moja tu ya kumfanya akane. Aliichukua simu, akamwacha Ibrae mlangoni kwa Mahamud, akarudi kituoni.

*

Jua lilikuwa bado halijazama walipomtoa Ekuam. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Hukuwa kwenye gari," Gakii akasema. "Alikuwa Hamse."

"Ni mimi, madam. Nimesema."

"Fyuzi ilikuwa ndani."

Ekuam alitulia. Mtu yeyote mwingine angeuliza fyuzi gani. "Labda nilisahau."

"Umewahi kusahau?"

"Ni mimi niliua," akasema, na akaikunja mikono.

Gakii alikuwa amefikiria njiani maneno ya kutangulia, maneno ya kumtayarisha mtu. Yote yalimkimbia. Akafungua mfuko, akautandaza mkanda mweusi mezani, ncha zake zimeshonwa kwa uangalifu.

Ekuam hakupiga kelele. Aliunyosha mkanda kwa kidole mpaka ukalala sawa, kama alivyoufanya siku alipokuwa akiushona, kisha akaupapasa mshono.

"Ilikuwa wapi?" akauliza hatimaye.

"Kilomita kumi na tisa. Kuna kisiki, halafu kuna jiwe jeupe."

"Alikuwa amesimama wapi? Kwa jiwe ama mbele yake?"

"Hatua moja nyuma ya jiwe."

"Ndiyo. Hapo." Akatikisa kichwa mara nyingi. "Ni mimi nilimpimia. Nikifika kwa kisiki nakanyaga yote, gari inafunga, inakuja ikiteleza na kelele na vumbi, inasimama hapo karibu na jiwe. Vumbi inamfunika. Ilikuwa mchezo yetu. Alikuwa anapenda sana, anacheka kama msichana. Nikamwambia, mama, wewe simama nyuma ya jiwe usitoke, haiwezi kukufikia. Hata honi ikilia usiogope. Hata siku moja haiwezi kukufikia." Akaushika tena mkanda. "Aliona gari yangu akajua ni mimi."

"Ekuam."

"Sasa si ni mimi? Nani alimwonyesha pa kusimama?" Akaisukuma karatasi ya kukiri kwake kuelekea upande wa Gakii. "Acha vile imeandikwa. Ni kweli hivyo."

Gakii alikuwa amebakiza karatasi moja, ripoti ya daktari, na alikuwa ameapa moyoni kutoitoa kama hakuna haja. Haja ikawapo. Alimchukia Mahamud kwa kumwachia kazi ile, akajichukia na yeye mwenyewe kidogo, kisha akasoma.

"Hakufa pale pale. Nyonga ilivunjika na damu ikavujia ndani. Daktari anasema aliishi si chini ya saa moja na nusu. Zahanati ya Gotu ni dakika tano kwa gari. Hamse alisimamisha gari, akashuka, akampigia Mzee. Mama alikuwa anaongea. Alikuwa anaita jina lako. Mzee akaomba asomewe kitambulisho, akasomewa. Halafu akamwambia Hamse arudi nyumbani."

"Alisomewa jina?"

"Ndiyo."

"Na bado anapumua?"

"Ndiyo, Ekuam. Bado anapumua."

Nje mtu alikuwa akiosha sufuria za chakula cha mahabusu, na maji yalisikika yakimwagika chini. Ekuam aliukunja mkanda mara mbili, mara tatu, mpaka ukawa kitu kidogo cha kutosha kiganjani, akakifumbata.

"Ile siku ya lori," akasema, "yeye alisimama, madam. Kweli alisimama."

"Najua."

"Leta fomu ingine."

Gakii akaipasua ya kwanza mbele yake, akavuta nyingine. Aliandika kwa herufi kubwa. Jina: Ekuam Emuria. Kazi: dereva. Akafika kwenye mstari wa tatu, akasita. Angeweza kuujaza mwenyewe. Lakini taarifa ya shahidi hutoka kinywani mwa shahidi, na wakili wa Mahamud angeukagua kila mstari.

"Uhusiano na marehemu?" akauliza.

Ekuam akafungua kiganja, akautazama mkanda.

"Huyo," akasema, "ndiye alikuwa ananiletea maziwa."